Kreuger: Mfalme wa njiti aliyeteketezwa na madeni

NJITI ya kiberiti ni miongoni mwa bidhaa ndogo kabisa dukani. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi wilayani Karatu, hununua kiberiti pamoja na chumvi na sabuni bila hata kuuliza bei. Jirani zake Wahadzabe bado wanajua kupata moto kwa kupekecha kijiti juu ya kipande cha mti, lakini nao kiberiti si kigeni kwao.

Neno kiberiti asili yake ni Kiarabu, ambako maana yake ni salfa. Njiti nayo imepata matumizi mengi: kijiti cha kuchokolea meno huitwa njiti, na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati huitwa mtoto njiti. Nani angedhani kitu chenye sifa ya udogo kiasi hicho kingemwezesha mtu mmoja kuzikopesha serikali za Ulaya?

Mtu huyo ni Ivar Kreuger, aliyezaliwa Machi 2, 1880 katika mji wa Kalmar, Sweden, katika familia iliyokuwa na biashara ya viberiti. Alisomea uhandisi Stockholm, kisha akafanya kazi Marekani, Mexico na Afrika Kusini. Mwaka 1908 alianzisha na mwenzake Paul Toll kampuni ya ujenzi wa majengo ya zege la nondo, Kreuger & Toll.

Baadaye aligeukia viberiti. Sweden ilikuwa na jina kubwa katika biashara hiyo, kwani ndiko Gustaf Erik Pasch alikopata hataza ya kiberiti cha usalama mwaka 1844, na ndugu wawili wa ukoo wa Lundström wakakitengeneza kwa wingi mjini Jönköping. Kreuger aliunganisha viwanda vidogo, na ilipofika mwaka 1917 karibu viberiti vyote vya Sweden vilikuwa chini ya kampuni yake moja.

Mkopo kwa ukiritimba

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali nyingi za Ulaya zilikuwa na uhaba wa fedha. Kreuger aliona nafasi. Alizipa mikopo, nazo zikampa ukiritimba wa viberiti au upendeleo katika soko lao. Poland ilikubali mwaka 1925. Ufaransa ilikopeshwa dola milioni 75 mwaka 1927, na Ujerumani ikaahidiwa dola milioni 125 mwaka 1929. Kufikia mwaka 1930 zaidi ya nusu ya viberiti vya dunia vilikuwa mikononi mwake.

Fedha zenyewe hazikuwa zake. Mwaka 1923 alianzisha kampuni New York, ikauza hisa na hati fungani kwa Wamarekani. Gawio lilikuwa nono, kwa hiyo wachache walitaka kujua lilikotoka. Hesabu halisi alizijua yeye mwenyewe, na sehemu ya gawio ililipwa kwa fedha za wawekezaji wapya.

Soko la hisa la New York lilipoanguka Oktoba 1929, fedha mpya zilianza kukauka, lakini madeni hayakusubiri. Machi 12, 1932 Kreuger alikutwa amekufa kwa risasi katika nyumba yake mjini Paris, akiwa na umri wa miaka 52. Ilielezwa kuwa alijiua, ingawa baadhi ya ndugu zake hawakukubali. Wakaguzi walipofungua vitabu vyake walikuta hati fungani za serikali ya Italia zilizoghushiwa.

Maelfu ya watu walipoteza akiba zao. Kashfa hiyo ilichangia Marekani kutunga sheria za mwaka 1933 na 1934 zinazozitaka kampuni zinazouza hisa kuweka hesabu zao wazi. Kampuni ya viberiti yenyewe ilinusurika, kwa kuwa viwanda vyake vilikuwa vya kweli na watu waliendelea kuwasha moto.

Somo kwa mkulima

Hata Tanzania ina kumbukumbu ya namna hiyo. Mwaka 2009 Serikali iliisimamisha DECI, ambako wanachama waliambiwa "wanapanda mbegu", kumbe mavuno ya waliotangulia yalikuwa fedha za waliofuata.

Kwa mkulima wa vitunguu, somo la kwanza liko kwenye mkopo. Anayekupa mbegu, mbolea na dawa kwa sharti kwamba umuuzie yeye peke yake, amenunua soko lako kabla ya vitunguu kukomaa. Uliza mapema bei itapangwa na nani, na gunia litapimwa kwa mzani gani.

La pili ni faida. Ukiahidiwa faida kubwa, omba kwanza kuonyeshwa shamba au kiwanda inakotoka. Usipoonyeshwa, fedha zako zibaki mfukoni hadi msimu wa kupanda.