Michael Faraday: Mhunuzi wa Elimu Aliyeufichua Mngurumo

Mpiga gitaa wa mtaa wa Jabe, mjini Bujumbura, aunganishapo pedali zake nne au tano kwa ajili ya arusi, mara nyingi husikia mngurumo kabla hajagusa uzi hata mmoja. Hulaumu gitaa, hulaumu fundi. Nanyi askari mnaotumia simu ya upepo mwaijua adha hiyo, maana mkwaruzo huweza kuumeza ujumbe wote. Aliyezionyesha njia ambazo kelele hiyo hupitia hakupata kuliona gitaa la umeme. Huyo ni Michael Faraday.

Alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791, karibu na London, mtoto wa mhunzi maskini. Shule aliipata kidogo tu. Alipofikia umri wa miaka 14 alitiwa kwa fundi wa kujalidi vitabu, akawa akivisoma vile alivyovijalidi. Mwaka 1812 alihudhuria mihadhara ya mwanasayansi Humphry Davy, akaiandika, akaijalidi na kumpelekea mwenyewe. Mwaka uliofuata Davy akampa kazi ya usaidizi katika maabara ya Royal Institution. Tangu 1830, kwa miaka kama ishirini, Faraday aliwafundisha kemia pia wanafunzi wa uofisa katika chuo cha kijeshi cha Woolwich.

Tarehe 29 Agosti 1831 alizungusha nyaya mbili kwenye pete ya chuma bila kuzigusanisha. Kila alipowasha au kuzima umeme katika waya wa kwanza, sindano iliyo karibu na waya wa pili ilishtuka. Ikadhihirika kwamba sumaku inayobadilika huzaa umeme. Gitaa la umeme husikika kwa kanuni hiyo: uzi wa chuma hutikisika juu ya sumaku iliyozungushiwa waya. Lakini mlango huo huo humwingiza mgeni asiyealikwa, yaani mvumo wa transfoma iliyo karibu. Dawa yake ni kusogea mbali au kuligeuza gitaa upande mwingine.

Mwaka 1836 alijenga kizimba kikubwa cha metali, akaingia ndani na vipimo vyake. Cheche ziliruka nje, lakini ndani vipimo havikuonyesha kitu. Ndiyo maana waya mzuri wa gitaa umevikwa wavu wa metali. Wavu ukikatika, mngurumo huingia.

Faraday aliandika kila jaribio, hata lililoshindwa. Kijana wa Jabe na afuate mwendo huo. Aondoe pedali zote, achomeke gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya. Kukiwa kimya, arudishe pedali moja moja, pamoja na waya wake, hadi mngurumo urudi. Hapo mkosaji amekamatwa kwa ushahidi, si kwa dhana. Na mvumo ukikoma pedali zinapotumia betri, kosa limo katika kifaa kinachozilisha umeme.

Ila asikate kamwe waya wa ardhi ili apate kimya. Mwaka 1972, mjini Swansea, Uingereza, mpiga gitaa Les Harvey aliuawa na umeme jukwaani alipogusa maikrofoni isiyounganishwa na ardhi.

Faraday alikataa mara mbili kuwa rais wa Royal Society, akafariki tarehe 25 Agosti 1867. Nasi twamkumbuka kwa subira yake: hakuhukumu kabla ya kupima.