Steinmetz: Gwiji aliyebaini siri za ndani ya transfoma

TRANSFOMA kubwa ya umeme ni kama mgonjwa asiyeweza kusema. Koili zake na kiini chake cha chuma vimezama katika mafuta ndani ya sanduku zito, na kuifungua ili kusaka hitilafu ni kazi ghali. Kwamba wahandisi huweza kuipima kwa nje na kutambua ugonjwa wake ni sehemu ya urithi wa Charles Proteus Steinmetz.

Alizaliwa Aprili 9, 1865 mjini Breslau, uliokuwa Prussia wakati huo, na ambao sasa ni Wrocław nchini Poland. Kama babake, alizaliwa na kibiongo. Hata hivyo, alipojiunga na chuo kikuu aling'aa katika hisabati. Mnamo 1888, akikaribia kuhitimu, alilazimika kutorokea Uswisi kwa sababu polisi walimwandama kutokana na siasa zake za kisoshalisti.

Mwaka uliofuata aliabiri meli hadi New York. Maafisa wa uhamiaji nusura wamrudishe alikotoka, kwa kuwa alikuwa mlemavu, hakuwa na pesa na hakujua Kiingereza vyema. Aliponea kwa kuwa rafiki aliyesafiri naye alimdhamini.

Marekani haikukawia kuvuna matunda ya ukarimu huo. Wakati huo, watengenezaji wa transfoma walibahatisha tu kiasi cha nishati ambacho kingepotea kama joto katika chuma kila sumaku inapogeuka. Mnamo 1892, Steinmetz alitoa kanuni ya kukadiria hasara hiyo kabla ya mtambo kuundwa. Mwaka uliofuata alionyesha jinsi namba changamano zinavyorahisisha hesabu za mkondo geu.

Kampuni ya General Electric ilimtwaa, na katika mji wa Schenectady akawa nguzo yake kuu. Katika kitabu alichochapisha mnamo 1897 akisaidiwa na Ernst Berg, aliichora transfoma kama sakiti sahili: ukinzani wa waya, usumaku unaovuja nje ya kiini, na hasara ya chuma, kila kimoja kikiwa na kipimo chake.

Hapo ndipo ilipo siri ya utambuzi. Transfoma ikiwa na afya, vipimo vyake hulingana na mfano huo. Koili ikipinda kwa kishindo cha hitilafu, kipimo cha uvujaji wa usumaku hubadilika. Kiini kikiharibika, hasara ya chuma huongezeka. Tofauti hizo humwelekeza mhandisi kwenye kasoro.

Steinmetz hakuoa, akichelea kurithisha wanawe ulemavu wake. Alifunza katika Chuo cha Union na kuwahi kuongoza bodi ya elimu ya mji wake. Alifariki Oktoba 26, 1923 akiwa na umri wa miaka 58. Leo hesabu hizo hufanywa na kompyuta kwa mifano yenye vipengele vingi zaidi, lakini msingi wake ungali ule uliojengwa na mhamiaji aliyekaribia kufungiwa mlango.