Zhukov: Alishinda Hitler na Mabeste, Kisha Wakageuka Wapinzani

Cheki huyu msee, Georgy Zhukov. Alizaliwa 1896 kwa familia maskini Urusi, na akiwa kijana alishona nguo za manyoya Moscow. Mei 1945, yeye ndiye alipokea Wajerumani wakisalimu amri Berlin. Akawa beste wa jenerali wa Marekani, Dwight Eisenhower, na Agosti wakazunguka Urusi pamoja.

Shida ni, kilichowaunganisha ni Hitler, na Hitler alikuwa ashakufa. 1946 Stalin aliona Zhukov amekuwa maarufu sana, akamtupa Odessa.

Walikutana tena Geneva 1955. Eisenhower sasa rais, Zhukov waziri wa ulinzi, kila mtu na mabomu yake ya nyuklia. Walipiga stori poa, lakini Vita Baridi haikuisha. Zhukov aliaga 1974.

Wewe na beste wako, adui yenu akiisha, mtabaki na nini?