Gandhi: wakili wa matajiri aliyefuatwa na vibarua

Mwezi Aprili 1893, wakili kijana aliyesomea sheria London aliondoka India kwa meli iliyopitia Lamu, Mombasa na Zanzibar kabla ya kufika Durban. Mohandas Gandhi alikuwa na umri wa miaka 23, na uwakili ulikuwa umemshinda Bombay: katika kesi yake ya kwanza alisimama, akakosa la kusema, akaketi. Sasa kampuni ya Dada Abdulla ilikuwa imemwajiri kwa mwaka mmoja, kwa pauni 105.

Kampuni hiyo ilimdai jamaa yao, mfanyabiashara wa Pretoria, pauni 40,000. Gandhi aliwashawishi wote wawili waache mahakama na kumkubali msuluhishi. Mteja wake alishinda, naye akamwomba apokee deni hilo kidogo kidogo, mshindwa asije akafilisika. Mwaka 1894, wafanyabiashara wapatao 20 wa Durban walimpa kazi zao za kisheria ili asirudi kwao.

Katika ofisi hiyo iliyotegemea fedha za matajiri ndimo alimoingia Balasundaram, kibarua Mtamil, nguo zimeraruka, meno mawili ya mbele yamevunjika, damu ikimtoka kinywani. Alikuwa amepigwa na mwajiri wake Mzungu. Mfanyakazi wa leo wa kiwanda cha bia cha Rubona, kando ya Ziwa Kivu, akiacha kazi ghafla hubishana na mwajiri juu ya mkataba; kibarua wa Natal aliyemwacha bwana wake alihesabiwa mhalifu, akafungwa jela. Gandhi alimpeleka kwa daktari, kisha kwa hakimu, naye hakimu akaagiza mwajiri aitwe. Hata hivyo Gandhi hakutaka mwajiri aadhibiwe. Alimwomba amwachilie mtu wake, kisha akamtafutia Balasundaram mwajiri mwingine, Mzungu pia.

Ulikuwa ushindi mdogo. Vibarua walianza kumiminika ofisini, lakini sheria haikubadilika. Tena mwaka 1895 Natal ilipitisha kodi ya pauni 3 kwa mwaka dhidi ya waliomaliza mikataba na kukataa kurudi India. Kodi hiyo haikuondolewa kwa maombi. Mwaka 1913 wachimbaji wa makaa ya mawe wa Newcastle waligoma, zaidi ya 2,000 wakaandamana naye kwa miguu hadi Transvaal, na mgomo ukaenea katika mashamba ya miwa. Mwaka 1914 kodi ikafutwa.

Waafrika hawakuwamo katika madai hayo. Maandishi yake ya awali yaliwadharau waziwazi, jambo lililofanya sanamu yake iondolewe Chuo Kikuu cha Ghana mwaka 2018.

Huko Ahmedabad, India, mwaka 1918, aliongoza mgomo dhidi ya wenye viwanda vya nguo, miongoni mwao rafiki yake Ambalal Sarabhai, ambaye dada yake, Anasuya, alikuwa upande wa wafanyakazi. Gandhi alifunga kula hadi pande zote zikamkubali msuluhishi, kama kule Pretoria. Wafanyakazi wakapata nyongeza ya asilimia 35.

Aliuawa kwa risasi mjini Delhi tarehe 30 Januari 1948. Sehemu ya majivu yake ilimwagwa Jinja, Uganda, katika chanzo cha Mto Nile.