Mwalimu wa Tabora na wanafunzi waliomgomea

Wadau, ukitaja Tabora wengi wanawaza maembe, asali na njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji. Mimi nawaza shule.

Waingereza walifungua Shule ya Tabora mwaka 1925, hasa kwa ajili ya watoto wa machifu. Ndipo alipofika Julius Kambarage Nyerere mwaka 1937, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, aliyeanza darasa la kwanza kule Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka kama 12 hivi.

Tuseme ukweli, alikuwa mmoja wa wachache waliobahatika. Enzi hizo Mzungu alikuwa na shule yake, Mhindi yake, na Mwafrika ndiye aliyeambulia kidogo. Hata hivyo inasimuliwa kuwa palepale Tabora kijana huyu alipinga upendeleo waliokuwa wakipewa viranja. Alipotoka Makerere alirudi Tabora kufundisha St. Mary's, kuanzia 1946 mpaka alipokwenda Edinburgh mwaka 1949. Kwa hiyo jina la Mwalimu halikuwa pambo, ilikuwa kazi yake kweli.

Uhuru ukaja mwaka 1961, shule za rangi rangi zikaunganishwa. Halafu zamu ikamgeukia yeye.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana mpaka Ikulu kupinga Jeshi la Kujenga Taifa kuwa la lazima. Ilikuwa miaka 2, na sehemu kubwa ya muda huo wangelipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Walilalamika kwamba wakubwa wenyewe wanakula vizuri huku wao wakiambiwa wajinyime, na mabango yao yaliwasifia hata wakoloni. Mwalimu alikasirika. Akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akawafukuza wanafunzi karibu 400. Wengi walirudishwa baadaye.

Mwaka uliofuata likaja Azimio la Arusha, na mwezi Machi akatoa Elimu ya Kujitegemea, akiikosoa shule inayowaandaa wachache na kuwafundisha kudharau jembe. Mwaka 1973 ada ya shule ya msingi ikafutwa, na 1974 pale Musoma ikaamuliwa watoto wote waingie darasani. Madarasa yalifurika kweli, na walimu wengi walipikwa harakaharaka, lakini mtoto wa mkulima naye alipata dawati.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Mimi namheshimu sana mzee wetu, ila kwenye lile la kuwafukuza vijana naona alikosea. Walikuwa na ubinafsi, sawa, lakini kuhusu mishahara ya wakubwa walisema kweli, na yeye mwenyewe alikubali kwa kukata wa kwake. Sasa jamani, kama mkate ulikubalika kuwa mbichi, kwa nini aadhibiwe aliyeuonja?

Nyie mnaonaje?