Arthur Waley na lugha alizojifunza pembeni

Kila mwaka, wakati wa kuchagua lugha ya nyongeza, swali hurudi kitivoni: utaizungumza na nani? Kwa Kichina jibu liko karibu, maana kuanzia Likasi hadi Kolwezi mkalimani hakosi kazi migodini. Kwa Kijapani watu hucheka tu. Mimi nasoma lugha za Kiafrika na sina ugomvi na anayetafuta mkate wake. Lakini swali hilo linadhani kwamba lugha hujifunzwa kwa ajili ya mdomo peke yake, na hapo ndipo ninapotaka kumleta Arthur Waley.

Alizaliwa tarehe 19 Agosti 1889 huko Tunbridge Wells, Uingereza, kwa jina la Arthur David Schloss. Vita vya mwaka 1914 vilipofanya majina ya Kijerumani yachukiwe, familia ilichukua jina la ukoo wa mama, Waley. Alikuwa amesoma Kigiriki na Kilatini Cambridge na kuondoka mwaka 1910 kwa sababu ya ugonjwa wa jicho. Mwaka 1913 akapata kazi katika British Museum, jijini London, chini ya Laurence Binyon, kwenye idara changa ya picha za Asia.

Kazi yenyewe ilikuwa kuorodhesha. Sasa, picha ya Kichina au ya Kijapani mara nyingi ina maandishi: jina la mchoraji, muhuri wa mwenye nayo, wakati mwingine shairi zima. Asiyeweza kuyasoma ataandika nini katika orodha? Waley akaanza kujifundisha lugha zote mbili, yeye na vitabu vyake. Hakuwa na shahada ya Kichina wala ya Kijapani. Ilikuwa lugha ya nyongeza kwa maana kamili, kitu cha pembeni kilicholetwa na kazi nyingine.

Mwaka 1916 alichapisha kwa fedha zake kijitabu cha mashairi ya Kichina, nakala chache za kuwapa marafiki. Mwaka uliofuata shule mpya ya lugha za Mashariki ilifunguliwa London, na katika toleo la kwanza la jarida lake zilimo tafsiri za Waley. Sisi wa Kibantu tunaifahamu shule hiyo kwa mlango mwingine: ndiyo SOAS, alipofundisha Malcolm Guthrie, yule aliyetupangia lugha zetu kwa herufi na namba, Kiluba L33, Kisanga L35, Kibemba M42. Jina la Afrika liliongezwa katika jina la shule mwaka 1938 tu.

Kitabu kilichomtangaza kilitoka mwaka 1918, mashairi 170 ya Kichina kwa Kiingereza. Mbinu yake ni rahisi kueleza. Kila herufi ya Kichina ni silabi moja. Mstari wa silabi tano aliupa mikazo mitano katika Kiingereza, akaacha vina viende zao. Msomaji aliyelelewa na tenzi atakunja uso kwa habari hiyo ya vina. Lakini hebu tujaribu kwa Kiswahili. Neno moja, nitakapowakumbuka, lina silabi nane. Limekwisha kujaza kipande kizima cha utenzi kabla mshairi wa Kichina hajafika katikati ya pumzi yake. Kiingereza, chenye maneno mafupi na mkazo wenye nguvu, kilimfaa. Kiswahili kingemlazimisha kutafuta njia nyingine kabisa.

Toni je? Ushairi wa enzi ya Tang ulikuwa na mitindo iliyopanga toni kwa sheria kali, na yeyote anayejua Kiluba anafahamu kwamba toni si pambo. Wapo wanaomlaumu Waley kwa kutojifunza kuzungumza Kichina wala Kijapani cha siku zake, na kwa kutokwenda kamwe China wala Japani. Naona lawama hiyo inakosa shabaha. Bai Juyi, mshairi ambaye Waley alimtafsiri sana na kuandika maisha yake, aliishi katika karne ya 8 na ya 9. Matamshi yamebadilika mno. Hata kama Waley angepanda meli hadi China, sauti ya Bai Juyi asingeikuta. Ni vivyo hivyo kwa kazi yake kubwa ya Kijapani, Hadithi ya Genji ya Murasaki Shikibu, bibi wa baraza la kifalme mwanzoni mwa karne ya 11. Mjapani wa leo naye lazima asome sarufi ya kale ili aielewe. Kwa maandishi ya namna hiyo meza ya London haikuwa mbali kuliko meza ya Tokyo.

Ila alijifunza pia Kiainu, lugha ya kaskazini mwa Japani, na mwaka 1951 akatoa tafsiri ya sehemu ya utenzi wake mrefu, Kutune Shirka. Hapo namwacha aende peke yake. Utenzi ule uliimbwa na watu wenye pumzi, na Kindaichi Kyosuke aliuandika kutoka vinywani mwao. Waley aliupokea ukiwa karatasi. Wenzangu wanaokwenda vijijini na kinasa sauti kwa ajili ya kazi ya mwisho wa masomo watanielewa.

Genji ilitoka kwa mafungu sita, 1925 hadi 1933. Katikati ya kazi hiyo, mwaka 1929, aliacha makumbusho. Mwaka 1940 mwanafunzi mmoja, Donald Keene, aliikuta katika duka la vitabu la New York ikiuzwa senti 49. Keene akawa bingwa wa fasihi ya Kijapani. Wakati wa vita vya pili Waley mwenyewe aliitwa serikalini kukagua maandishi ya Kijapani, na mwaka 1942 akatoa Monkey, ambamo sura 100 za riwaya ya Kichina zimebaki 30.

Mwenzake wa miaka mingi, Beryl de Zoete, mtaalamu wa ngoma za Asia, ndiye aliyesafiri, hadi Bali. Alifariki mwaka 1962. Waley alimwoa Alison Robinson mwaka 1966, na mwezi mmoja hivi baadaye, tarehe 27 Juni, akafa, amezikwa Highgate. Sura ya 38 ya Genji aliiruka na hakuirudia. Aliyetaka kusoma sura zote 54 kwa Kiingereza alisubiri tafsiri ya Edward Seidensticker, mwaka 1976.