Ernst May: Kijana aliyefundishwa kusoma kiwanja London, akaishia kupanga miji Afrika Mashariki

KIJANA anayeanza kazi ya kuchora ramani za nyumba katika mji mdogo kama Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu mkoani Shinyanga, mara nyingi hukabidhiwa picha ya nyumba iliyojengwa kwingine na kutakiwa ainakili. Hakuna anayeuliza kiwanja kimeelekea wapi, jua kali la Usukuma linapiga ukuta upi, wala maji ya mvua yanapita wapi.

Maswali hayo madogo ndiyo yaliyompa dira ya maisha hayati Ernst May, msanifu majengo wa Kijerumani aliyetikisa ulimwengu wa ujenzi wa nyumba za wafanyakazi, kisha misukosuko ya siasa za Ulaya ikamtupa Tanganyika, kwenye shamba lililo jirani na Arusha.

May alizaliwa Julai 27, 1886 mjini Frankfurt, Ujerumani, katika familia ya mwenye kiwanda cha bidhaa za ngozi. Alisoma kwa vipindi London, Darmstadt na Munich, ambako miongoni mwa walimu wake walikuwamo Friedrich von Thiersch na Theodor Fischer. Shule zilikuwa nzuri, na walimu walikuwa wakubwa. Hata hivyo, jambo lililomfanya awe yule aliyekuja kujulikana halikutoka darasani.

Mwaka 1910, akiwa na umri wa takriban miaka 24, alipata nafasi katika ofisi ya Mwingereza Raymond Unwin, aliyekuwa akisimamia ujenzi wa kitongoji cha Hampstead, kaskazini mwa London. Akakaa huko hadi mwaka 1912.

Unwin na mshirika wake Barry Parker walikuwa wamekwisha kupanga mji wa Letchworth, uliofuata wazo la Ebenezer Howard la mji wenye bustani, ambamo mfanyakazi angeishi karibu na kazi yake bila kuvuta moshi wa viwanda. Mwaka 1909 Unwin alitoa kitabu kikubwa kuhusu upangaji wa miji. Kwake, mchoro haukuwa hatua ya kwanza. Kwanza mpangaji alitakiwa kuitembelea ardhi, kutazama miteremko, kuhesabu miti na kuona njia ambazo watu wamezoea kupita. Karatasi ilifuata baadaye.

Hampstead yenyewe ilikuwa somo la wazi. Mwanzilishi wake, Henrietta Barnett, mwanamke aliyeishi miaka mingi miongoni mwa maskini wa mashariki mwa London, alitaka tajiri na kibarua waishi katika kitongoji kimoja. Nyumba hazikuzidi nane kwa ekari, mipaka ya viwanja ilikuwa michongoma badala ya kuta, na barabara zilipinda kufuata ardhi. Kwa kijana aliyezoea mitaa ya Ujerumani yenye majengo marefu yaliyobanana na nyua zisizoona jua, hayo yalikuwa mafunuo.

Inafaa kukumbuka kwamba hakuwa bosi huko. Alikuwa msaidizi wa kuchora, mgeni mwenye kazi za kutumwa. Lakini aliondoka na jambo moja ambalo hakuliacha tena, kwamba nyumba ya mtu wa kipato cha chini inastahili akili ileile ya msanifu inayotumika kwenye kasri.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alijenga makazi ya vijijini huko Silesia. Mwaka 1925, chini ya Meya Ludwig Landmann, akarudi Frankfurt kuongoza idara ya ujenzi ya mji aliozaliwa. Katika miaka mitano tu, zaidi ya makazi mapya 10,000 yalijengwa. Kitongoji cha Römerstadt, chenye makazi takriban 1,200, kilipangwa kwa kufuata mkunjo wa bonde la mto Nidda, na hapo mtu aliyeijua Hampstead aliweza kumtambua Unwin, ingawa sasa nyumba zilikuwa na paa bapa na kuta zisizo na nakshi.

Ndani ya nyumba hizo kulikuwa na jiko dogo lililobuniwa mwaka 1926 na msanifu mwanamke, Margarete Schütte-Lihotzky, ambaye alipima kila hatua ya mpishi kutoka sinki hadi meza. Makabati yanayojengewa ukutani katika majiko ya kisasa, hata yale ya Mwanza na Dar es Salaam, yana asili yake huko.

Pamoja na sifa zote, dosari haikukosekana. Kodi za nyumba hizo ziliwashinda vibarua wengi wa chini kabisa, yaani wale ambao May alisema anawajengea.

Mwaka 1930 aliongoza kundi la wataalamu kwenda Umoja wa Kisovieti kupanga miji ya viwanda, ukiwamo mji wa chuma wa Magnitogorsk. Mengi hayakwenda kama alivyotarajia. Mkataba ulipofikia ukingoni mwaka 1933, Adolf Hitler alikuwa ameshika madaraka Ujerumani. May, mwenye damu ya Kiyahudi katika ukoo wake na aliyekwisha kupachikwa jina la mtumishi wa Wakomunisti, hakuwa na kwao pa kurudi.

Ndipo mwaka 1934, akikaribia umri wa miaka 48, alipotua Tanganyika na mkewe Ilse pamoja na wana wao wawili. Mtu aliyekuwa akiamua hatima ya mitaa mizima akawa mkulima karibu na Arusha. Alidumu katika kilimo kwa takriban miaka mitatu, kisha akauza shamba na kuhamia Nairobi kurudia kalamu na rula. Vita Kuu ya Pili ilipozuka, Waingereza walimweka kizuizini kama mtu wa nchi adui.

Mwaka 1945 serikali ya kikoloni ya Uganda ilimpa kazi ya kupanga upanuzi wa Kampala, na hapo ndipo panapomweka mtafiti wa maisha yake njia panda.

Kwa upande mmoja, May alifanya hasa alichofundishwa ujanani. Alivisoma vilima vya Kololo na Naguru, akazungusha barabara kufuata miteremko na kuacha mabonde yawe ya kijani. Kwa upande mwingine, aligawa makazi kwa rangi: Waafrika aliwapangia Naguru, huku Kololo ikitengwa kwa ajili ya Wazungu na Waasia. Mtu aliyekimbia utawala uliowapanga binadamu kwa damu alichora ramani iliyowapanga kwa ngozi. Ni kweli aliajiriwa na wakoloni na mfumo huo aliukuta. Lakini Hampstead aliyoipenda ilianzishwa kwa nia ya kuchanganya watu, na somo hilo hakulipandisha kilimani.

Wakati huohuo alibuni nyumba ya gharama nafuu kwa ajili ya familia za Kiafrika, iliyoundwa kwa vipande vya zege vilivyofyatuliwa mapema na kupachikwa kwenye mbavu zilizopinda. Ukuta na paa vilikuwa kitu kimoja, na kwa mbali umbo lake lilikumbusha kibanda cha nyasi. Nyumba ya mfano ilisimamishwa Nairobi, lakini wazo hilo halikuenea.

Kazi iliyomleta tena Tanganyika ilikuwa ya tabia tofauti. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, kupitia chama chao kikuu cha ushirika cha KNCU kilichoanzishwa mwaka 1933, walihitaji jengo mjini Moshi, na May akalisanifu. Safari hii wenye mradi walikuwa Waafrika waliojilipia kwa kahawa yao, na walichotaka si vibanda vya mfano bali makao makuu ya ghorofa katikati ya mji, yenye ofisi na maduka. Lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mjini Mombasa alisanifu Hoteli ya Oceanic, iliyopinda ili vyumba vipokee upepo wa bahari.

Mwishoni mwa mwaka 1953 alifunga ofisi yake Nairobi na kurejea Ujerumani, iliyokuwa bado inajijenga upya kutoka kwenye vifusi vya vita. Alifanya kazi ya kupanga makazi mapya kutokea Hamburg, na huko ndiko alikofariki dunia Septemba 11, 1970, akiwa na umri wa miaka 84. Wakati huo Uganda ilikuwa inakaribia kutimiza miaka minane ya uhuru, na Mwafrika mwenye uwezo alikwisha kuruhusiwa kujenga Kololo, kando ya barabara zilezile zilizopinda.